Sehemu ya Tatu ya Diski

Mjane aliigawa diski ya kompyuta pepe, ile kompyuta isiyoshikika inayoishi ndani ya nyingine, katika sehemu tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mfumo, ya pili ya picha za wateja wa studio yao. Ya tatu hakuipa jina wala kazi. Aliiacha tupu, kama mumewe alivyozoea kufanya alipokuwa hai.

Aliporudi kutoka kula chakula cha mchana, aliikuta imejaa nusu.

"Umeweka nini huku?"

"Mimi? Hata kuiwasha naogopa," alijibu shemeji yake, mdogo wa marehemu, huku akikohoa. "Labda umeolewa na hiyo mashine, shemeji, na mmeshaanza kuzaa."

Mjane hakucheka. Tangu mazishi hakuwa amecheka wala kulia.

Akaifuta. Ikajaa tena. Chumba kikanuka udongo uliotoka kuchimbwa, na kwenye spika ambazo waya wake ulikuwa umechomolewa ikatoka sauti ya mumewe, ndogo, kama ya mtu aliyekaliwa kifuani.

"Mke wangu, pamenibana. Nipanulie."

Shemeji akaangusha kamera aliyokuwa akiifuta vumbi. Kila sehemu ile ilipoongezeka kujaa, kikohozi chake kilizidi, mpaka akakaa sakafuni.

Wakamwita shangazi wa marehemu, anayetibu wenye majini. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Huyo si mtoto wetu," alinong'ona. "Ni jini. Limekuta pahali pasipo na mwenyewe, limehamia, na sasa linakula pumzi za huyu kijana. Futa diski nzima, mwanangu. Mimi nasoma dua."

Akaanza kusoma. Mjane akaweka kidole juu ya kitufe cha kufuta.

"Shemeji, nakuomba," kijana alisema, ameshika pindo la gauni lake.

Moyoni mwa mjane hamkuwa na kitu, hata hofu, na angebonyeza bila shida kama anavyozima taa, lakini sauti ikamwita kwa lile jina ambalo mumewe alilitumia wakiwa wawili tu, na ndani yake kitu kikachomachoma, kama mguu ulioingia ganzi unapoanza kurudiwa na damu, na kidole chake kikahama taratibu kutoka kwenye kufuta hadi kwenye kupanua, kikaipa sehemu ya tatu nafasi yote.

"Ahsante," sauti ilisema, sasa pana, imetulia.

Nyuma yake kikohozi kilikatika. Pindo la gauni likaachiwa, mkono ukaanguka sakafuni. Shangazi alinyamaza katikati ya neno.

Mjane hakugeuka. Aliinamia spika.

"Niite tena," alisema.