Mbuni Wako Amekula?

"Mlalo, saba," nilisoma. "Mashine ya kazi iliyoundwa kama mtu."

"Roboti," akasema Oarabile upesi, akairudisha simu mfukoni.

"Hilo hata mbuzi wa Nkuku wanalijua," mjukuu wangu Boitshepo, aniitaye Nkuku, yaani bibi, akamjibu bila kumtazama. "Umelitafuta kwenye simu?"

"Nilikuwa natazama saa, Mma."

"Saa iko ukutani, Rra."

Ni mume na mke hao, ingawa waliitana Mma na Rra kama wageni wa heshima. Lakini tangu tumzike binti yangu, mama yake Boitshepo, mjukuu wangu alikuwa amebaki kwangu hapa Kanye. Mumewe hakuja mazikoni. Jumapili ile ndipo alipokuja kutoka mgodini anakofanya kazi, ili amchukue, na Boitshepo hakuwa amesema kama ataondoka naye au la. Walipokaa kimya mbele ya chai na magwinya, maandazi yetu ya huku, nikawatolea fumbo la maneno la gazetini, safari hii lote likihusu akili bandia. Nilitaka tu kila mmoja asikie sauti ya mwenzake.

Sote tulikuwa tumechoka. Msiba unachosha hata baada ya majirani kurudishiwa sufuria zao. Ila nilimwona Boitshepo akisogeza birika la moto mbali na mkono wa mumewe, nami nikapata nguvu ya kusoma tena.

"Wima, nne. Herufi sita, ya tatu ni ile B ya roboti. 'Mashine isipojua jibu, mara nyingi hufanya hivi.'"

Boitshepo akachukua kalamu, akaandika polepole: KUBUNI. Kalamu ikabaki juu ya herufi ya mwisho.

"Oarabile, nisomee ujumbe ulionitumia siku ya mazishi."

"Wa nini tena?"

"Soma."

Hakusoma. Boitshepo akatoa simu yake, akasoma mwenyewe:

"'Mpenzi wangu, daima nitalikumbuka tabasamu la mama yako, na jinsi alivyonipokea kwa mikono miwili siku ile ya kwanza.'" Akaiweka simu mezani. "Mikono miwili? Mama yangu?"

Nilikohoa ili nisicheke. Siku ile binti yangu alimwacha kijana wa watu amesimama getini juani, yeye akaendelea kufua.

"Maneno hayakuja," Oarabile akasema. "Nikaiomba simu iniandikie."

"Niliwasomea shangazi zangu. Nikalia. Nikadhani kuna siku mama alikukumbatia na mimi sikuwepo." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Muda wote huu namkumbuka mama kwa jambo ambalo halikutokea. Umenipa mama wa kubuni."

"Nisamehe."

"Hilo nalo ni lako, au la simu?"

Oarabile akaizima simu yake.

"Mama yako hakunipenda. Aliniita mbuni. Alisema miguu yangu mirefu ni ya kukimbilia, siyo ya kusimama na mke. Ruhusa kazini nilipata, Boi. Nilifika mpaka njia panda. Nikajiuliza, mtu aliyenikataa akiwa hai, atataka nishike sepetu kwenye kaburi lake? Nikageuza gari."

"Ungeishika kwa ajili yangu. Wanaume walipopanga foleni kufukia, nilikuwa nakutafuta."

Akainamisha kichwa, na simu akaiacha imezimwa. Hapo nilimpenda kidogo.

"Mbuni," Boitshepo akasema, na midomo yake ikalegea. "Alikuita hivyo mpaka wiki ya mwisho. Kila nikimpigia simu aliuliza, 'Mbuni wako amekula?'"

"Aliuliza hivyo kweli?"

"Mimi sibuni."

Oarabile akafunika uso kwa viganja, akakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Kisha akaniambia, "Nkuku, una sepetu?"

Tulikwenda makaburini kwa mwendo wangu, na hakuna aliyeniharakisha. Mvua ilikuwa imedidimiza udongo upande wa miguuni. Oarabile akavua koti, na Boitshepo akalipokea bila kuombwa. Mumewe akajaza, akasawazisha, akapiga udongo kwa mgongo wa sepetu mpaka ukashikana. Kisha akasimama pale, akihema.

"Nimekula, Mma," akaliambia kaburi.

Boitshepo akampangusa vumbi begani.

"Nimechoka, Oarabile. Twende nyumbani."

"Twende."

"Lakini nipe funguo za gari. Wewe ukifika njia panda unageuza."