Gari la Daktari Lilipiga Saluti ya Kaka Yangu

Nyie mnaosoma hapa, nawajua!

Mlilipita gari la kaka yangu likiwa limekumbatia ukuta. Mkapunguza mwendo, mkatoa simu, mkarekodi... mkaondoka.

Miezi kumi na minne sasa. Maoni mia mbili na kumi na moja chini ya ile video, na nilisoma moja moja. "Mwendo umemla." "Pombe hizo." Mama yangu alisomewa na jirani, tena kwa sauti!

Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini gari halikusimama.

Leo hampiti. Kaeni hapo hapo.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Gereji wananiita Dada Waya. Sikusomea popote, shoti ndizo zilizonifundisha.

Juzi asubuhi nilikuwa namalizia gari la daktari mmoja wa meno. Injini yake tumeifunga turbo, pampu ya kuisukumia hewa zaidi, na bongo lililokuja na gari, yaani kompyuta ya injini, haliielewi turbo. Inabidi ufunge kompyuta nyingine, ya kujitegemea, ambayo unaifundisha mwenyewe kwa laptop: mafuta kiasi gani, cheche lini, hewa ipite vipi.

Bosi wetu, ambaye kila mtu anamwita Profesa, ndiye aliyenikabidhi hilo bongo jingine.

"Limetumika kidogo, lakini zima. Liunge tu. Ramani ya ndani, yale liliyofundishwa, usiiguse, injini ni ya aina ileile."

Nikaunga waya mmoja mmoja, siku mbili. Daktari kakaa kwenye benchi ananichokoza.

"Dada Waya, mimi jino nalitoa dakika kumi!"

"Meno yako yana ganzi, daktari. Waya hazina."

Akacheka. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na kile kiti kidogo cha kumfungia mtoto, kina makombo ya biskuti.

Nikazungusha ufunguo, hatua moja tu, injini bado.

Fruu!... Fruu!

Feni ya kupoza injini ikazunguka mara mbili, yenyewe. Ikanyamaza.

Bisibisi ikanidondoka.

Jamani... saluti ile naijua! Kaka yangu alikuwa anashindana mbio za magari za Jumapili, na aliniomba mwenyewe: "Mdogo wangu, kabla halijawaka, feni ipige mara mbili. Gari linipigie saluti, mimi ndiye mkubwa wake!" Nikamwandikia humo kwenye bongo la gari lake. Sikuwahi kumwandikia mtu mwingine.

Na bongo lile, Profesa alituapia msibani kwamba liliungua likawa jivu!

Nikachomeka laptop.

Jina la ramani: la utani la kaka.

Bongo hizi huweka kumbukumbu. Nikaifungua ya mwisho, ya siku ya ajali.

Niwaeleze polepole. Kwenye pedali ya mafuta kuna sensa mbili, vihisi, zote zinasema mguu umekanyaga kiasi gani. Zikibishana, bongo linatakiwa lifunge hewa, gari lilegee. Huo ndio ulinzi.

Sensa ya kwanza: asilimia tisini na moja.

Sensa ya pili: sifuri.

Breki: imekanyagwa.

Sekunde nne! Sekunde nne nzima kaka yangu kasimamia breki, mguu haupo kwenye mafuta, na gari linazidi kukimbia. Waya mmoja mbovu ulikuwa unadanganya... na bongo likamwamini mwongo.

Mbona ulinzi haukufanya kazi?

Nikatazama. Ubishi unaoruhusiwa kati ya sensa ni asilimia tano. Hapo palikuwa pameandikwa mia.

Yaani zibishane zinavyotaka. Ulinzi umezimwa!

Na bongo hilo lilikuwa linaingia hivyo hivyo kwenye gari lenye kiti cha mtoto.

Nikaenda ofisini kwa Profesa, laptop mkononi.

"Ulisema liliungua."

Akanyanyua macho. Akafunga mlango taratibu.

"Mdogo wangu, funika kombe mwanaharamu apite."

"Nani aliandika mia?!"

"Usiniulize mimi. Kila anayebadilisha kitu huingia kwa jina lake. Fungua historia, usome."

Nikafungua.

Tarehe, siku nne kabla ya ajali. Saa nane mchana.

Jina... Dada Waya.

Tangu niione mia ile nilikuwa namwaza Profesa na kujisemea kikulacho ki nguoni mwako. Kumbe nguo nimeivaa mimi!

Ikanirudia yote. Gari la kaka lilikuwa linalegea kila mara, ulinzi ukifanya kazi yake. Kaka kasimama mlangoni: "Fanya haraka bwana, Jumapili hiyo!" Profesa nyuma yangu: "Weka mia, waya tutautafuta wiki ijayo." Nami nikaweka. Wiki ijayo tulikuwa makaburini.

Na nilisahau. Au nilijisahaulisha, Mungu ndiye anajua.

"Nilificha kwa ajili yako," Profesa akasema. "Wewe nyamaza, nami nitanyamaza."

Nikatoka. Daktari kashasimama, ufunguo mkononi.

"Tayari, fundi?"

Profesa yuko mlangoni, ananitazama.

"Bado, daktari. Njoo usome hapa kwanza. Hili bongo limemuua kaka yangu, na aliyelizimia ulinzi ni mimi."

Sitasimulia kelele zilizofuata. Gereji ile sina kazi tena.

Nikaenda kwa mama. Tangu msiba, kiti chake amekigeuza, kinatazama ukuta, hataki kuiona barabara.

"Mama, hakuwa anakimbiza gari. Alikanyaga breki."



"Alikanyaga?"

"Mpaka mwisho, mama."

"Kumbe alikuwa anataka kurudi nyumbani mwanangu."

"Na mama... mkono uliozima ulinzi ni huu."

Aliinuka, akageuza kiti, akakaa akitazama barabara.

Mimi hajanitazama hadi leo.

Nimejifunza hili: mliopita mkarekodi, na mimi niliyeandika nikasahau, tumefanya kitu kimoja: tumepita.

Sasa sikilizeni vizuri. Jana nimepekua laptop yangu, nikakuta kingine nilichojisahaulisha: siku zile kabla ya msiba mia niliiona inafanya kazi, nikaizoea. Niliiandika kwenye magari mengine sita, kwa mkono huu huu. Jeupe lenye mlango mwekundu. La bluu la yule mwalimu wa kuogelea. La kijivu lisilo na bampa la mbele. Jeusi la mapacha. La kijani la muuza maua. Na jekundu la bwana harusi.

Yako barabarani sasa hivi.

Kama ni lako, lisimamishe. Kama unamjua mwenyewe, usiniandikie "pole dada", sitaki! Mpigie. Azime injini, atoe ufunguo, asiwashe mpaka fundi aurudishe ulinzi na akague kila waya wa pedali.

Acha kusoma, kwenye simu hiyo hiyo tafuta namba yake, piga. Sasa!