Maktaba Iliyorukwa

Kila Jumatano, kengele ya usafi ikilia, Kuo Pinrong alipiga deki korido ya ghorofa ya tatu haraka haraka, kisha akakimbilia chumba cha kompyuta. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, msichana pekee katika klabu ya programu ya shule yao mjini Chiayi. Njiani alinunua yai lililochemshwa kwa chai katika duka la shule, akalimaliza kabla ya kufika mlangoni, maana chumbani humo chakula kilikatazwa.

Muhula ule klabu ilikuwa na kazi moja. Mwanafunzi mwenzao, Yihan, alikuwa akipoteza uwezo wa kuona, na mitihani ilikaribia. Mwalimu Liao, mlezi wa klabu, alitaka kompyuta ya mezani iwekwe kando ya dawati la Yihan. Yihan angepiga picha ukurasa wa kitabu kwa kamera yake, na kompyuta ingemsomea kwa sauti.

Programu za kazi hiyo zipo. Zimeandikwa na watu wa nchi nyingi na kutolewa bure, pamoja na msimbo wake wote, yaani maandishi yanayoiambia kompyuta la kufanya. Lakini kompyuta waliyopewa ilikuwa kuukuu, haikukubali programu zilizoundwa tayari. Ilibidi wachukue msimbo wenyewe na kuuunda humo humo, yaani kuugeuza uwe programu, maktaba moja baada ya nyingine. Maktaba ya kompyuta si ya vitabu. Ni fungu la msimbo ambalo programu nyingine huliazima: moja hufungua picha, nyingine hutambua herufi.

Pinrong alipewa kuunda maktaba nne. Tzuyang, aliyemtangulia darasa moja, alipewa kuandika sehemu ya kamera. Hakumpenda Pinrong tangu siku ya kwanza, wala hakulificha.

"Kuo Pinrong, kazi yako ni kubonyeza na kungoja," alimwambia. "Hata nyanya yangu angeiweza. Ukikwama, usije kwangu."

Pinrong akakwama pale pale mwanzoni. Maktaba ya kwanza, ile ya kufungua picha za kamera, ilikataa kuundwa. Skrini ilijaa mistari ya makosa. Akajaribu tena, ikajaa tena. Nyuma yake Tzuyang alikuwa akipiga mluzi. Pinrong aliona afadhali lolote kuliko kuchekwa mwezi mzima, akairuka maktaba hiyo. Ya pili iliundwa bila kulalamika. Ilipoikosa ya kwanza, iliacha tu uwezo wa kufungua picha za kamera ikaendelea; ya tatu na ya nne nazo zikaundwa. Maelekezo yalitaka kila maktaba ijaribiwe. Pinrong hakujaribu hata moja. Katika daftari la klabu aliweka alama ya vyema mara nne, akaandika, "Imeundwa. Imejaribiwa."

Siku ya majaribio Yihan alipiga picha ukurasa wa historia, akangoja. Kompyuta haikutoa sauti. Akapiga tena.

"Labda nimeishika kamera vibaya," alisema kwa aibu.

Wanaklabu wakamgeukia Tzuyang. Daftari lilionyesha kwamba maktaba zote zilijaribiwa, kwa hiyo ubovu ulikuwa wake. Mmoja alimwuliza kama aliyeandika ni yeye au nyanya yake, na chumba kizima kikacheka. Mwalimu Liao hakucheka. Alimpa wiki moja arekebishe, la sivyo kazi ingepewa mwingine.

Kusema kweli, Pinrong alifurahi. Kila alasiri alimwona Tzuyang peke yake mbele ya ile kompyuta, akifuta na kuandika upya, na hakuna aliyekaa karibu naye. Lakini siku ya tano alimkuta Yihan kwenye ngazi, pua ikikaribia kugusa kitabu, machozi yakimtiririka kwa kukaza macho. Yihan hakumlaumu mtu. Aliuliza tu kama kompyuta itakuwa tayari kabla ya mtihani.

Kesho yake, klabu nzima ikiwapo, alisimama.

"Mwalimu, kosa si la Tzuyang. Maktaba ya kwanza haikuundwa. Zile alama niliziweka tu."

Tzuyang alimgeukia. "Nimefuta kazi yangu ya mwezi mzima," alisema taratibu, "kwa sababu ya alama zako."

Wengine walitaka Pinrong afukuzwe klabuni. Mwalimu Liao alikataa, ila hakumwonea huruma. Alimkalisha mbele ya wote, akamwamuru aiunde maktaba ile tena. Mistari ya makosa ikafurika. Mwalimu akamwuliza anasoma mstari upi, na Pinrong akasema anasoma wa mwisho.

"Panda juu. Tafuta kosa la kwanza."

Kosa la kwanza lilikuwa fupi: kompyuta ilikosa programu moja ndogo ya kusaidia kuunda msimbo. Kuiweka kulichukua dakika mbili. Pinrong aliunda upya maktaba zote nne, akazijaribu moja moja. Jaribio lolote likishindwa alilitaja kwa sauti, huku wenzake wakimkodolea macho, mpaka lango la shule likakaribia kufungwa. Tzuyang alirudisha nakala ya zamani ya kazi yake, akaikamilisha kwa siku mbili. Pinrong alipojitolea kumsaidia, alimwambia aondoke.

Siku ya tatu Yihan alipiga picha ukurasa, na sauti ikaanza kusoma. Alikaa akisikiliza mpaka ukurasa ukaisha, akafunua wa pili. Tzuyang alichukua begi lake akatoka bila kumtazama Pinrong.

"Hatakusamehe leo," Mwalimu Liao alimwambia, "na huwezi kumlazimisha. Lakini kumbuka ile skrini. Makosa yalikuwa mengi, na yote yalitokana na la kwanza. Kosa lako la kwanza halikuwa kushindwa. Lilikuwa kuona haya kusema umeshindwa. Uongo wa daftarini ulitoka hapo, na wiki ya Tzuyang, na machozi ya Yihan. Ukiandika 'imejaribiwa', mwenzako anaendelea na kazi akitegemea neno lako. Siku ukikwama, andika 'nimekwama'. Hapo tutajua pa kuanzia."