Mluzi wa Nafasi ya Tano

Alasiri hiyo mvua ilikuwa imekatika kidogo, na Felisiani alikuwa akizungusha kitufe cha mashine yake ya kupimia joto la mahindi, kwa kujivunia tu, ili jirani yake Mabula aone inavyofanya kazi. Nafasi ya kwanza ilipiga mluzi, ikajibiwa kutoka ghalani. Ya pili, ya tatu na ya nne vilevile. Mkono ukapitiliza hadi ya tano, ambayo haikuwa na kitu. Mashine ikapiga mluzi, na ghalani kitu kikajibu.

"Kisanduku cha tano umekiweka kwenye gunia gani?" akauliza Mabula.

"Sijakiweka. Hata kukitengeneza bado."

Sindano ya mashine ikapanda taratibu, ikasimama pale inaposimama kila anapobana kisanduku kwapani kukijaribu. Lilikuwa joto la mtu. Mabula akaziba pua kwa kofia yake, maana uani kulikuwa kumeanza kunuka nyama iliyosahauliwa kwenye sufuria. Akaaga bila kumaliza chai.

Huo ulikuwa mwaka wa mvua za Elnino. Ilembo nzima ilivunda, kuanzia magodoro mpaka viatu. Felisiani alikuwa fundi redio, na nyuma ya nyumba yake kulikuwa na ghala ambamo majirani waliweka mahindi ya kula hadi mavuno mengine. Mahindi yenye unyevu huchemka katikati ya rundo, juu yakionekana mazima, na ukija kushtuka umeshachelewa. Kwa hiyo fundi akabuni visanduku vya kufukia ndani ya magunia, vinavyopima joto na kupeleka habari bila waya mpaka kwenye mashine sebuleni, ambako sindano iliyong'olewa kwenye Land Rover mbovu ilionyesha hali. Ubunifu ulikuwa mzuri, tusimnyime haki yake.

Kilichoharibu ni siri aliyoiweka. Redio kolu za malori na za askari wa wanyamapori zilikuwa zikiingilia mawimbi yake, sindano ikicheza ovyo. Akaona kila kisanduku kiitwe kwa mluzi maalumu na kijibu kwa mluzi huohuo, asiyeujua asisikilizwe. Na katika miluzi yote ya dunia hii, mwanamume huyo akarekodi ule wa nyumbani kwake, anaoupiga mlangoni akichelewa kurudi, ambao mkewe Mariana akiusikia hufungua bila kuuliza nani.

Huku kwetu hakuna anayepiga mluzi jua likishazama. Mtoto akianza tu, anakatazwa kwa kofi, kwa sababu wapo wanaoitika mluzi ambao si watu. Mashine ya Felisiani ilipiga kila jioni, na ikaendelea watu wakiwa wamelala.

"Baba Sikujua, hilo dude lako linamwita nani giza likiingia?" Mariana alimwuliza mwanzoni, akimwita kwa jina la mtoto wao aliyekuwa akiishi kwa bibi yake.

"Linaita mahindi."

Akacheka peke yake.

Baada ya nafasi ya tano kujibu, Felisiani alianza kupoa. Mariana alimgusa mgongo kitandani akautoa mkono haraka, maana ngozi ya mumewe ilikuwa baridi na imelegea, tena ina unyevu. Akamfunika mablanketi. Akampikia uji wa pilipili. Kila asubuhi alikuwa baridi zaidi, na kila asubuhi sindano ya nafasi ya tano ilikuwa imepanda kidogo. Mariana hakujua redio, lakini hilo alilielewa bila kufundishwa: kuna kitu kinamnyonya mume wangu joto.

Wakafumua rundo, yeye, mumewe na Mabula. Magunia ya juu yalikuwa makavu. La katikati lilipovutwa lilichanika, na kilichomwagika hakikuwa mahindi tena. Kilikuwa ute wa kijivu, vuguvugu, wenye funza wanene waliokuwa wakipandana, na punje zimegandana na nywele. Nywele ndefu, nyeusi. Chini ya hapo mahindi yalikuwa yamebonyea kwa umbo la mtu aliyelala amejikunja, magoti kifuani, na shimo hilo lilikuwa likitoa mvuke. Mabula alitapika palepale, na funza wakayafuata matapishi. Mariana aliikuta punje moja imemnasa kwenye kidole, akaisugua kwenye ukuta, ikateleza, akaisugua tena mpaka kidole kikatoka damu.

"Hapa palikuwa na mtu," Mabula akanong'ona.

"Bado pana mtu," akasema Felisiani. Meno yalikuwa yakigongana.

Mganga Ngolo aliletwa kutoka Usevya. Alifukiza ghala na kuinyunyizia dawa pande zote, halafu akaketi uani akisafisha vidole kwa majivu. Uso wake ulionyesha kinyaa waziwazi.

"Hilo jini ni chafu, mama. Linakula kilichooza na linajifunika joto la watu. Mmeliita wenyewe. Visanduku vitolewe vyote, mashine izimwe. Na jua likizama, anayepiga mluzi mlangoni kwako usimfungulie, hata awe nani."

"Akiwa mume wangu je?"

"Mwulize jambo mnalolijua nyie wawili tu."

Visanduku vitatu vilitoka. Cha nne kilikuwa kimezama chini ya rundo. Siku ya pili, jua likielekea kuzama, Felisiani akajitanda blanketi na kwenda kukitafuta. Mariana alimsihi asubiri kesho. "Nimeleta mwenyewe uchafu huu," akasema, "acha niutoe mwenyewe." Mariana akafunga mlango, akakaa na kibatari.

Mluzi ukaja kukiwa giza tayari. Ulikuwa mlangoni, mtamu, haukukosea hata sauti moja.

"Sema kwa mdomo," Mariana akasema. "Usipige mluzi."

"Mama Sikujua, fungua. Nimelowa."

"Siku ya kwanza kwenda kwetu Karema ulibeba zawadi gani?"

Nje pakasikika kicheko kidogo, cha mumewe kabisa. "Migebuka mikavu. Nikapeleka samaki kwa wavuvi. Baba yako nusura anifukuze."

Mariana akafungua. Akaushika ule mkono, akaangua kilio cha furaha, kwa sababu ulikuwa na joto, joto zuri la mtu mzima mwenye afya, joto ambalo alikuwa ameliombea wiki zile zote akikumbatia mgongo uliopoa. Akamketisha. Akamwekea ugali na maharage. Mwanamume akala akamaliza, akalamba bakuli, kisha akainuka na kwenda pembeni ambako kulikuwa na beseni la mahindi yaliyooza yakingoja kutupwa, akachota kwa viganja na kula, akitafuna polepole, ute ukimtiririka kidevuni na funza mmoja akihangaika kwenye mdomo wa chini hadi ulimi ulipotoka kumchukua.

"Baba Sikujua," Mariana akasema kwa sauti ambayo hakuisikia mwenyewe.

"Mm."

Hapo mashine ikalia. Ilikuwa imezimwa, kitufe chake kikiwa palepale kwenye nafasi ya tano, lakini mluzi ulitoka humo na papo hapo ukasikika pia ng'ambo ya ua, kutoka ghalani, mluzi hafifu, uliokatikakatika, wa mtu ambaye midomo imekufa ganzi kwa baridi na bado anajaribu. Na Mariana, akiitazama sindano ikishuka, akakumbuka ile siku ya kupanga magunia, wao wawili wameketi juu ya rundo mlemle ghalani wakichekea hadithi ya migebuka mpaka machozi, hadithi aliyoiona ni siri ya watu wawili, wakati kumbe wa tatu alikuwa ameshaanza kuitwa, yumo humo akisikiliza, na akaelewa sasa ni nani aliyelazwa katika lile shimo la ute, magoti kifuani, na funza wale wanene wanaanzia wapi kumla.

Akakimbilia mlango. Yule mwanamume alikuwa ameshafika, ameegemeza mgongo hapo kwa starehe, kiganja kimejaa.

"Kuna baridi nje, mke wangu," akasema, punje zikiwa zimemjaa menoni. "Unaenda wapi?"

"Toka."

"Umenifungulia mwenyewe."

Mariana akamrukia, akamkwaruza, akapiga kelele za kumwita Mabula, na vidole vyake vikazama katika ile shingo yenye joto kana kwamba anakanda unga. Kitu kile hakikumsukuma wala kumpiga. Kilimkumbatia tu, kwa upole, kinywa kizima kikinuka uozo, na nyuma ya bega lake Mariana aliiona sindano ikilala chini kabisa. Mluzi ukaja mara moja tena kutoka ghalani. Haukufika mwisho.