Shela la Kuchujia

Jumamosi ile duka la vitambaa lilijaa hadi mlangoni. Fundi cherehani, shati jeupe, futi shingoni, alikuwa anampima mteja mkono alipomwona dada mmoja mwenye gauni la samawati na mabuti ya mpira. Dada huyo alikuwa anaimwagia hariri ya shela maji ya chupa.

"We dada! Shela halinyweshwi maji."

"Nataka nione yanapita vipi."

"Harusi lini?"

"Sina harusi. Nina vidudu."

Watu wakacheka. Shangazi yake fundi, mwenye duka, akaacha kukunja vitambaa ili asikie vizuri.

Dada akaeleza. Kazi yake ni kulea vidudu vya maji ya chumvi, jamaa wa kamba na kaa, kila kimoja kama chembe ya chumvi. Ndio chakula cha vifaranga wa samaki kwenye kituo chao cha kufugia samaki. Tabu ni kwamba jike akitaga, mayai huzama, na asipotengwa nayo huyala. Chujio la kuwatenga limechanika, na jipya likiagizwa huchukua miezi.

"Mama anakula wanawe?"

"Hajui kama ni wanawe. Kwake kila kidogo ni chakula."

"Basi nitakushonea mimi, Bi Chujio. Namba yako ya simu?"

Akampa. Ndivyo mambo huanza.

Wiki nzima simu hazikukatika.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wao bado."

"Na mimi ningekuwa kidudu, ungenijali hivyo?"

"Ungekuwa umeshaliwa."

Chujio likaisha, limepigwa pasi, linanukia. Dada alilipokea kwa mikono miwili. Kesho yake asubuhi akapiga simu.

"Wamekufa."

"Nani?"

"Wote, tangi zima. Fundi, kile kitambaa ulikifanyaje?"

"Nilikifua, laazizi. Sabuni ya unga, halafu ile ya kulainisha, ya waridi. Si kitambaa kipya lazima kifuliwe?"

"Miaka mitatu nimewalea," dada akasema, akakata simu.

Mkuu wa kituo hakupandisha sauti. "Vifaranga wanafika baada ya siku kumi na tano. Wakikosa chakula, na wewe katafute kazi pengine."

Fundi alipiga simu mara tisa. Haikupokelewa hata moja. Shangazi alimtazama mpaka akachoka.

"Mwanangu, simu haiombi msamaha. Miguu ndiyo inayoomba."

Dada naye alikuwa na tumaini moja tu. Nyuma kabisa ya friji palikuwa na chupa ya tope lenye mayai, alilolikusanya sakafuni mwa tangi mwaka uliopita. Mayai ya vidudu hivi yakipata baridi hulala. Yanaweza kuamka, yanaweza yasiamke. Akaosha tangi, akatia maji mapya ya bahari, akamwaga humo lile tope.

Siku ya tatu fundi alisimama getini na chujio jingine mkononi.

"Umelifua?"

"Nimeliloweka maji matupu siku mbili. Na nimelishona kwa mkono. Cherehani ina mafuta, nikaogopa."

Dada alivitazama vidole vyake. Sindano ilikuwa imevitoboa vyote.

"Ingia. Usiguse kitu."

Akamwinamisha kwenye hadubini.

"Naona viroboto watatu!"

"Ndio hao. Wameamka jana."

"Mbona hawafanani na kamba?"

"Bado. Wakikua nguo inawabana, wanaivua. Mara kumi na moja, ndipo wawe watu wazima."

"Na fundi wao nani?"

"Hawana. Nguo mpya inaota chini ya ile kuukuu."

"Basi hapa mimi sina kazi."

"Unayo. Shika ndoo."

Akashika. Kila alasiri akawa anafunga cherehani mapema, anakuja kubeba maji. Hawakuongea sana. Chupa ile ilitoa vidudu mia na kitu tu, lakini siku ya kumi na mbili majike walitaga, na chujio likawatenga na mayai yao asubuhi na jioni. Hakuna yai lililoliwa.

Vifaranga wa samaki walipofika, haikuwa karamu, ila hawakufa njaa. Mkuu alichungulia hadubini kwa muda mrefu. Akasema, "Haya," akaondoka zake.

Fundi akavua futi shingoni.

"Njoo nikupime."

"Kwa ajili ya nini?"

"Gauni. Na safari hii shela ni la kichwani."

"Unanichumbia katikati ya harufu hii ya samaki?"

"Nimeshaizoea."

Dada alilitazama chujio lililotundikwa msumarini, linadondosha maji. Akanyoosha mikono yake.

"Haya, pima. Lakini kulifua, nitalifua mwenyewe."