Maumivu Aliyoyaficha Tasnim

Jioni, Tasnim akishamaliza kazi zake za shule, alikuwa akifuta meza ya jikoni, akiweka vikombe vya chai na kumsubiri baba yake arudi kazini. Waliishi Anderlecht, jijini Brussels, kwenye orofa ya tatu ya jengo la zamani la matofali: yeye, wazazi wake na mdogo wake Chande, aliyekuwa darasa la pili. Baba yao, Shafii, alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mama yao, Aziza, aliuza mitandio na vitambaa, na kila Jumapili alipanga biashara yake katika soko la Gare du Midi.

Wazazi hao walitoka Bujumbura miaka mingi iliyopita, na tangu wafike Brussels hawakuwahi kusafiri na watoto wao kwa ajili ya kufurahi tu. Majira haya ya baridi walikata shauri. Likizo ya Desemba wangekwenda kukaa siku chache Granada, mji wa kale kusini mwa Uhispania.

"Ndege itatushusha Malaga," baba alisema, akiwaonyesha ramani kwenye simu yake. "Kutoka pale tunapanda basi. Alors, Tasnim, wewe ndiye kiongozi wetu. Tukifika tunaanza kuona nini?"

"Kasri la Alhambra," Tasnim alijibu. "Mwalimu alituonyesha picha zake. Lilijengwa na wafalme Waislamu zamani sana, na kuta zake zimejaa maandishi ya Kiarabu."

"Na theluji ipo?" Chande aliuliza.

"Ipo mlimani, juu ya mji. Lakini mjini kuna michungwa kando ya barabara, na huzaa hata wakati wa baridi."

Mama alicheka. "Kusini gani huko kwenye theluji? Basi makoti tutayabeba vilevile. Ila nisikilizeni. Mwaka jana tulipanga kwenda Marseille, homa ikaingia humu ndani tukiwa tumeshafunga mabegi. Mara hii sitaki kusikia mtu anaumwa. Akiumwa mmoja, hatuendi."

Mama alisema kwa utani, lakini Chande alimtupia dada yake jicho. Aliyeumwa mwaka jana alikuwa Tasnim, na Chande alimnunia karibu likizo nzima. Tasnim aliinamia kikombe chake asionekane uso. Hata wakati ule, kichwa kilikuwa kikimgonga.

Maumivu hayo yalikuwa yameanza baridi ilipokolea. Bafu lao lilikuwa dogo, halina dirisha, na juu ya beseni la kuogea ilining'inia hita ya gesi iliyokuwepo tangu kabla hawajahamia. Karibu na dari palikuwa na tundu la hewa lenye wavu. Upepo wa baridi uliingia kupitia tundu lile na kumpiga Tasnim shingoni akiwa bado na maji mwilini. Baba yao aliwahi kuwakataza wasiliguse, lakini hakuwaeleza sababu. Siku moja Tasnim alipanda kwenye ukingo wa beseni, akalishindilia taulo kuukuu. Bafu likawa na joto zuri kama kitanda. Hakumwambia mtu.

Tangu hapo, kila akitoka kuoga, kichwa kilimuuma, moyo ukamchafuka na magoti yakalegea. Alipokuwa shuleni maumivu yalipungua, kisha jioni yakarudi. Hakuwaza hata kidogo kuhusu lile taulo. Aliwaza mambo mabaya zaidi. Rafiki yake Océane alikuwa amewasimulia jinsi shangazi yake alivyoanza kuumwa kichwa, akaishia kupasuliwa. Tasnim alipokuwa kitandani alijigusa utosi, akahisi kama kuna kitu kinakua mle ndani. Aliogopa kusema na aliogopa kunyamaza. Mwishowe alijiambia kwamba atasema wakisharudi kutoka Granada.

Siku chache kabla ya likizo, Chande alitoka bafuni akishika ukuta.

"Kichwa kinanigonga," alisema. "Nataka kutapika. Ngoja nimwambie maman."

Tasnim alimshika mkono na kumvuta chumbani. "Ukimwambia, safari imekufa. Unataka tukae hapa tena kama mwaka jana? Lala tu. Kesho utaamka mzima."

Chande alimtazama, akatikisa kichwa kukubali, akajifunika blanketi. Kesho yake aliamka mzima kweli. Tasnim alifurahi, lakini furaha yenyewe ilikuwa na hofu ndani yake, kwa sababu sasa walikuwa wawili.

Jumapili iliyofuata, mama aliondoka mapema na mizigo yake kwenda sokoni, na baba alikwenda kazini. Watoto waliachwa chini ya uangalizi wa Maman Antoinette, jirani wa mlango unaotazamana na wao, mwanamke aliyetoka Lubumbashi na aliyekuwa akiwachungulia mara kwa mara. Chande aliingia kuoga. Tasnim alikaa jikoni na simu ya zamani ya baba, akitazama picha za Granada na kuchagua mahali pa kula.

Maji yalikuwa yakitiririka bafuni. Yakaendelea kutiririka. Tasnim akashtuka kwamba Chande, ambaye siku zote huimba akioga, hajatoa sauti kwa muda mrefu.

"Chande, funga maji."

Hakujibiwa. Akaenda kubisha mlango, kwanza taratibu, kisha kwa ngumi. Aliusukuma mlango.

Mvuke ulimjaa usoni. Chande alikuwa amekaa sakafuni akiwa na taulo kiunoni, kichwa amekilaza kwenye ukingo wa beseni. Macho yake yalikuwa nusu wazi lakini hayakuona kitu. Alikuwa ametapika.

"Chande. Chande, amka."

Alimtikisa, na kichwa cha mtoto kikaanguka upande. Tasnim akahisi magoti yake mwenyewe yakilegea, maumivu yale yale yakimpanda kisogoni, na hapo ndipo alipotambua kwamba ni humu, ni bafu hili. Akamshika Chande chini ya makwapa na kumburuta. Alikuwa mzito kuliko alivyodhani. Alimburuta ukumbini, akamfikisha jikoni, akafungua dirisha. Baridi ikaingia kwa nguvu. Kisha akatoka mbio na kugonga mlango wa jirani kwa viganja vyote viwili.

Maman Antoinette alifungua akiwa amevaa nguo za kanisani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Kuko nini, mwanangu?"

"Chande haamki."

Yule mama aliangusha kiatu na kuingia. Alimwinamia Chande, akasikiliza pumzi yake, kisha akageuka kutazama mlango wa bafu uliokuwa ukitoa mvuke.

"Mutoto alikuwa anaoga? Na ile hita inawaka? Bon. Tumutoe inje, upesi. Wewe usirudie mule ndani."

Walimbeba hadi kwenye ngazi, na Maman Antoinette akamfunika kwa kitenge chake huku akipiga simu ya dharura, 112. Tasnim alipiga magoti kando ya mdogo wake. Chande alikuwa akipumua, lakini pumzi zilikuja polepole, na kila moja ikipita Tasnim aliogopa kwamba nyingine haitafuata.

Wazimamoto walifika pamoja na ambulensi. Mmoja wao alikuwa na kifaa kidogo kifuani, na alipokanyaga tu kizingiti cha nyumba, kile kifaa kikaanza kupiga kelele. Walifunga gesi na kuwaamuru wakazi wote wateremke barabarani. Tasnim alipanda ambulensi pamoja na Maman Antoinette. Alimtazama mdogo wake akivalishwa barakoa ya oksijeni, na njia nzima hakumwachia mkono.

Hospitalini walipokelewa na daktari kijana aliyeitwa Nadia. Aliwaeleza kwamba Chande amevuta gesi ya kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na hutoka pale moto unapowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha. Mtu huivuta bila kujua, na inaweza kumuua.

Baba na mama walifika wakihema. Mama alikuwa bado na mkoba wa sokoni kiunoni. Daktari aliwauliza, "Mtoto aliwahi kulalamika kabla ya leo? Kichwa kuuma, kichefuchefu?"

"Hapana," mama alijibu huku akilia. "Alikuwa mzima kabisa. Hajalalamika hata siku moja."

Wakati huo Chande alisogea kitandani. Macho yake yalifunguka kidogo, yakazunguka chumba hadi yakampata dada yake. Midomo ilicheza chini ya barakoa, na Tasnim akainama amsikie.

"Mimi sikusema," Chande alinong'ona. "Sikumwambia maman."

Tasnim alihisi kama amepigwa kifuani. Mtoto alikuwa ameponea chupuchupu, na jambo la kwanza alilokumbuka ni kulinda siri ya dada yake. Daktari alikuwa ameshageuka aondoke.

"Si kweli," Tasnim alisema. Sauti ilitoka ndogo, akarudia. "Si kweli kwamba alikuwa mzima. Kichwa kilimuuma juzi, nikamkataza kusema. Mimi pia kinaniuma, tangu baridi ianze. Na tundu la hewa niliziba mimi, kwa taulo, kwa sababu ya upepo."

Tasnim alisubiri kofi au ukali, lakini daktari ndiye aliyemsogelea na kumshika bega.

"Na sasa hivi kichwa kinakuuma?"

"Ndiyo."

"Umefanya vizuri kuniambia. Kumbe si mara moja tu, na si mtoto mmoja. Tutakupima na wewe sasa hivi, na wazazi wako pia."

Walimtoa damu, na kweli gesi ile ilikuwemo; wazazi, waliokuwa nje tangu asubuhi, walikutwa salama. Tasnim naye akalazwa kitanda cha pili na kuvalishwa barakoa. Alilala akimtazama Chande, akiogopa kufumba macho. Kadiri saa zilivyokwenda, mashavu ya Chande yalirudia rangi yake. Jioni aliomba maji, kisha akaomba mkate, na mama akacheka na kulia kwa pamoja.

Wazimamoto walilikuta taulo kwenye tundu, na pia walikuta bomba la moshi la ile hita limejaa masizi. Mwenye nyumba alilazimika kuweka hita mpya, na baba alitundika king'ora cha kugundua gesi ukumbini. Mpaka kazi hiyo ilipokwisha, familia nzima ililala kwa Maman Antoinette, magodoro yakiwa yamepangwa sebuleni kwake. Daktari alisema watoto wapumzike, kwa hiyo safari ya Desemba haikuwepo. Ndege iliondoka bila wao.

Likizo ya Februari ilipokaribia, baba aliwaita tena mezani. Mipango ya Granada ikaanza upya: ndege, basi, kasri, michungwa. Tasnim alikuwa akieleza habari za mtaa wa zamani wa Albaicín aliponyamaza ghafla.

"Maman," alisema, "koo linaniwasha. Tangu asubuhi."

Chande aliacha kutafuna. Mama alizunguka meza, akamgusa paji la uso, akamwambia afungue mdomo, akamchungulia. Kisha akaenda kuchemsha maji ya tangawizi. Hakuna aliyetaja safari.

"Umefanya vizuri kusema," mama alisema akimletea kikombe. Akakaa karibu naye. "Mimi nilikosea, Tasnim. Nilisema akiumwa mmoja hatuendi, nikadhani ni mzaha, kumbe nimewafunga midomo. Na baba yenu aliwakataza kugusa tundu bila kuwaeleza kwa nini. Hayo ni makosa yetu. Lakini na wewe shika hili moja, na Chande asikie. Mwili ukiuma, sema. Ukiwa umeharibu kitu, sema, hata kama unaogopa, na hasa kama unaogopa. Granada imekaa pale mamia ya miaka, itatusubiri. Wewe na mdogo wako, nikiwapoteza, nitawapata wapi?"

Tasnim alishika kikombe kwa mikono miwili na kunywa. Tangawizi ilimchoma koo. Baba alivuta simu karibu na taa.

"Bon," alisema. "Tulikuwa tumefika Albaicín. Endelea, kiongozi."