Mstari Nilioukata

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Nilikuwa namenya viazi vya wageni, jua limeshika vile vilele vitano juu ya mji wetu wa Munsiyari, na shemeji yangu Trilok, mdogo wake mume wangu, amekaa kando ya jiko akipanga safari. Kazi yake ilikuwa kutafuta watalii. Yangu ilikuwa kuandika ratiba, kwa sababu nilifika sekondari na mwandiko wangu unasomeka.

"Siku ya kwanza, hekalu na soko," alisema. "Ya pili, kijiji cha mtoni. Ya tatu?"

"Kungoja ukingoni," nikasema, nikaandika.

"Kata hiyo. Wavuke siku hiyohiyo. Hawa hawajaja kulala, shemeji."

Kwetu hata mbuzi wanajua kwamba ule mteremko wa mawe baada ya kijiji cha mtoni unavukwa alfajiri, barafu ikiwa bado imeyashika. Jua likipanda, mawe yanaachia. Ndiyo maana unafika ukingoni mwake mchana, unalala hapo, unavuka kesho yake. Lakini nilikuwa na viazi, nguo za kufua na mtoto mwenye homa. Nikaukata ule mstari.

Kiongozi wao alikuwa Khushal, jirani yetu. Walifika ukingoni saa saba mchana. Akawaambia wangoje. Wageni wakamwonyesha karatasi: ratiba inasema tunavuka leo. Akaitia karatasi mfukoni, akatangulia yeye, kujaribu njia.

Jiwe moja lilitosha.

Trilok akawaambia watu kwamba Khushal alikuwa amelewa. Mtu ambaye hakugusa pombe hata siku ya harusi yake.

Rukma, mjane wake, hakubishana na mtu. Kwetu aliyedhulumiwa, akikosa wa kumsikiliza, huenda hekaluni kwa Golu, mungu wa haki, akamwaga mchele mbichi kizingitini na kutaja alichotendewa. Adhabu hataji, hiyo si kazi yake. Laana inawashika wote wanaokula jiko moja na mkosaji, mpaka akiri mbele ya aliyemkosea.

Nilikutana naye akitoka hekaluni, kiganja cheupe kwa vumbi la mchele.

"Umemtaja nani?" nikamnong'oneza.

"Sikutaja jina, dada. Nimesema waliomnyima mume wangu siku ya kungoja."

Nilimwomba Trilok aende akakiri. "Nina watoto," nikamwambia.

Akacheka. "Na sekondari yako yote hiyo, shemeji, unaogopa mchele?"

Siku ileile nikatenga jiko. Mume wangu alibeba mawe na udongo bila kuuliza. Kwetu jiko likitengwa, nyumba zimekuwa mbili. Nikajiambia laana imebaki ng'ambo ya ukuta, na nikalala usingizi.

Kundi lililofuata lilirudi salama, tena kwa furaha. Mama mmoja wa Delhi akanishika mkono.

"Yuko wapi yule kiongozi wenu wa skafu nyekundu? Tunataka kumshukuru. Alitukalisha ukingoni siku nzima, hakutaka tuvuke."

Hatukumtuma mtu wa skafu nyekundu. Skafu nyekundu ilikuwa ya Khushal, na tuliichoma pamoja na maiti yake, kando ya mto.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Machache. Alimuulizia Trilok. Akasema anamngoja."

Trilok alisikia. Akasema wageni wamepigwa na jua. Lakini kundi la baadaye aliliongoza mwenyewe, ili watu waone kwamba haogopi.

Walirudi bila yeye. Wakatueleza hivi.

Ilikuwa saa saba mchana. Hapakuwa na upepo. Trilok alisimama ukingoni, akatazama mbele, mahali ambapo wao hawakuona kitu. Akaanza kusema taratibu, kama anayejibu maswali. "Hukulewa. Ndiyo. Nilidanganya. Hukulewa, Khushal." Kisha akanyoosha mkono. Mkono ukashikwa. Waliona vidole vyake vikibanwa vikawa vyeupe. Akaingia kwenye mteremko. Hakuna jiwe lililoanguka. Walipepesa macho. Hakuwepo.

Tulimtafuta siku tisa. Hata kiatu hatukupata.

Nikasema basi, deni la laana limelipwa. Nikaondoa ratiba zote kwenye msumari wa ukutani, nikazichoma. Wageni sitaki tena. Nauza maharage sokoni.

Jana asubuhi nilikuwa napuliza moto. Jiko langu jipya, la upande wetu. Katikati ya makaa mekundu palikuwa na konzi ya mchele mbichi. Mweupe. Haukuungua. Nikaugusa. Ulikuwa baridi kama theluji.

Nilimkuta Rukma njiani, mgongoni mzigo wa nyasi.

"Ni mimi niliyeukata ule mstari," nikamwambia. "Mkono ni wangu. Nisamehe, nina watoto."

Hakutua mzigo.

"Najua mwandiko wako, dada. Karatasi walinirudishia, ilikuwa mfukoni mwake." Akanitazama bila hasira, na hilo ndilo lililonitia baridi. "Lakini mimi sikufa. Hayo kamwambie yeye."

Nikarudi nyumbani. Mchele haukuwepo jikoni. Kwenye ule msumari mtupu ukutani ilining'inia ratiba.

Siku ya kwanza, hekalu na soko. Ya pili, kijiji cha mtoni. Ya tatu, kungoja ukingoni.

Mwandiko ni wangu. Chini kabisa, mahali pa kujaza idadi ya wasafiri, pameandikwa: mmoja.